Vijiti vya Lesi Utavitengeneza Mwenyewe

Mwanangu Zuhura,

Huku Brugge baridi imeanza na binamu zako wanagombania soksi. Mama yako kaniambia kwa simu kwamba siku hizi huna habari nyingine ila lesi ya vijiti, na unataka nikutumie sanduku zima la vifaa vyake. Nakupenda sana, ila sanduku situmi. Si sasa. (Wifi, najua unasoma begani mwake. Usimtetee.)

Nilipokuwa mgeni huku, alasiri nilizoea kwenda Kantcentrum, nyumba ya lesi iliyoko Balstraat, kuwatazama akina mama wakifanya kazi. Mikono inakwenda hata jicho halishiki. Mmoja wao, bibi wa makamo, alikubali kunifundisha, lakini akanikataza kununua chochote kwanza. Nikaanza na vijiti vya mishikaki. Mchagua jembe si mkulima, mwanangu.

Basi nawe tafuta vijiti vya mishikaki, vile vinene. Vikate kama sentimita 10, ncha kali utupe, kisha pitisha msasa kila mahali, maana unyuzi mmoja wa mti uliochomoza unatosha kukwaruza uzi. Karibu na kichwa zungushia mpira mwembamba wa kufungia noti ili uzi usichomoke. Mkiani funga shanga kwa waya. Wanawake wa Bedfordshire na Buckinghamshire, Uingereza, ndivyo walivyofanya: shanga huongeza uzito, tena hukizuia kijiti kisibingirike. Vya hapa Ubelgiji vimechongwa tumbo upande wa chini, nalo ni la uzito. Vibanio vya nguo vya mbao navyo vinafaa ukitoa springi, lakini visiwe vya mama yako. Lolote utakalotumia, vijiti vyote viwe na uzito mmoja. Kimoja kikiwa chepesi, uzi wake hulegea na ukingo wa lesi hupinda.

Lesi hii hufumwa juu ya mto, ila mto wa sufi wa kulalia haufai kabisa. Unatakiwa mto mgumu, pini isimame wima hata uzi ukiivuta. Kule Gozo, Malta, wanawake huegemeza ukutani mto mrefu wa mviringo uliojazwa majani makavu. Wewe nenda kwa seremala uombe vumbi la mbao. Lichekeche, lianike likauke vizuri, kisha lishindilie kwenye mfuko wa kaniki kwa mpini wa mwiko. Ongeza, shindilia tena, mpaka kidole gumba kikibonyeza kisizame. Nimetaja kaniki kwa sababu uzi mweupe huonekana vizuri juu ya nguo nyeusi, na macho yako bado nayahitaji. Lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya linafaa kwa kuanzia, ila matundu ya pini hupanuka upesi.

Pini ndizo nitakazokutumia, zisizoshika kutu. Kwa hewa ya huko Tanga, pini ya chuma ikilala ndani ya uzi mweupe huacha doa lisilotoka.

Kielelezo cha kuonyesha pini zikae wapi kitatoka kwenye daftari la hesabu. Aina ya lesi iitwayo torchon hufuata miraba, kwa hiyo weka nukta zako penye makutano ya mistari, bandika karatasi juu ya kadibodi nyembamba, kisha toboa kila nukta kwa sindano.

Anza na vijiti vinne tu. Uzi mmoja uzungushe kwenye vijiti viwili, kila ncha na chake, uutundike kwenye pini katikati. Fanya hivyo mara mbili. Sasa hesabu kutoka kushoto: uzi wa pili upite juu ya wa tatu. Kisha wa pili juu ya wa kwanza, na wa nne juu ya wa tatu. Hesabu mahali, si kijiti, maana vijiti huhama. Rudia, ukikaza kidogo kila mara, utapata msuko wa nyuzi nne. Mwanzoni utahesabu kwa sauti. Baadaye mkono utakwenda wenyewe, kama wa bibi yako kwenye ukili.

Msuko ukifika urefu wa mkono wako, upige picha pande zote mbili unitumie. Hapo ndipo tutazungumza habari ya sanduku, na baba yako awepo.

Msalimie bibi, umshikie miguu kwa niaba yangu.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanahamisi