Pombe Yenye Ukungu

Wapikaji wa sake huko Japani wana pombe ya wakati wa baridi ambayo hawaichuji ikatakata: huacha chembe kidogo za mchele zipite, ikawa na ukungu mwepesi. Nalipata kuionja mara moja ugenini, pamoja na samaki wa chumvi, na ulimi wangu ukanirudisha Nyarugusu, katika nyanda za juu za Kasulu, kwenye kibuyu cha bibi yangu.

Bibi alipika pombe ya ndizi. Alivundika ndizi mbichi shimoni siku kadhaa, akazimenya, akazikanda kwa majani, akazikamua, kisha akatia unga wa mtama uliokaangwa. Mjapani hulazimika kuotesha kuvu iitwayo koji juu ya mchele ili wanga ugeuke sukari. Kwetu ndizi hujigeuza yenyewe kwa kuiva, na mtama huisaidia kuchachuka. Ukungu nao ni wa mtama huo. Warundi waliofika kwa wingi mwaka 2015 katika kambi ya wakimbizi iliyo jirani huiita urwarwa, na Wakongo waliowatangulia hapo tangu 1996 wana kasiksi yao. Sioni fahari kubishana nani alianza.

Siku ya kwanza pombe hiyo ni tamu mno, yafaa karanga tu. Siku ya pili huingia ukali, na hapo ndipo itakapo maharage yaliyoungwa kwa mawese, au dagaa wa Kigoma na ugali wa muhogo: uchachu hukata mafuta, na chembe za mtama hubaki ulimini pamoja na chumvi ya dagaa. Nyama ya kuchoma siipi nafasi, japokuwa wenzangu hunicheka.

Haya sikuyajua nilipokuwa mwanafunzi. Walipokuja wageni kumposa dada yangu, naliona aibu kwa pombe iliyovurugika, nikaichuja mara tatu kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Mzee wao akanywa funda moja, akakiweka kibuyu chini kwa adabu, asikiguse tena. Bibi, ambaye mikono yake ilikwisha dhoofu, wala hakupika tena baada ya siku ile, hakusema neno mpaka wageni walipoondoka.

"Umemwaga chakula, mjukuu wangu," akasema.

Nikatoka nyuma ya nyumba kuyatafuta machicha juu ya jani la mgomba. Kuku walikuwa wamekwisha kuyadonoa yote.