Korongo la Niagara, na Lile la Nyumbani

Kutoka Louisville hadi Columbus ni maili 210 hivi, na kutoka Columbus hadi Buffalo ni maili nyingine 330. Ukiwa na watoto wanne kwenye gari, hesabu siku nzima na ufunge chapati za kutosha. Sisi ndugu watatu tumegawana miji hiyo: mimi ni muuguzi Louisville, dada yangu yuko Columbus, na kaka yetu mkubwa yuko Buffalo.

Julai iliyopita tulikwenda kumpa kaka pole. Baba yetu alizikwa Naivasha mwezi Machi. Mimi na dada tulisafiri kwenda kumzika. Kaka aliyafuata mazishi kwenye simu, peke yake, huku Buffalo bado ni usiku. Kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa, na akitoka Marekani huenda asirudi. Wasomaji wengi mnaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Siku ya pili watoto walichoka kukaa ndani na watu wazima wanaozungumza kwa sauti ya chini. Kaka akasema, "Haya, vaeni viatu vya kutembelea. Twendeni korongoni."

Maporomoko ya Niagara yako kama nusu saa kutoka Buffalo. Bustani ya jimbo iliyopo hapo ilianzishwa mwaka 1885, na kuingia kwa miguu ni bure. Utalipia maegesho ya gari. Tulianzia Kisiwa cha Goat, kilicho katikati ya mto, maji yakianguka pande zake mbili. Wageni wengi hupiga picha hapo na kuondoka. Kaka alitupeleka mbele zaidi, hadi bustani ya Whirlpool, ambapo mto unakata kona kali na maji yanazunguka kama uji unaokorogwa. Huko ndiko unakoliona korongo lenyewe. Juu kuna mwamba wa kijivu, chini yake tabaka za kijani kibichi kilichofifia, na kadiri unavyofuata mto kuelekea Lewiston ndivyo mawe mekundu yanavyojitokeza.

"Mjomba, nani aliyachimba haya yote?" mwanangu akauliza.

Kaka, alipokuwa kijana, aliongoza wageni katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate karibu na kwetu. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akizungumza kwa muda mrefu. Siku hiyo alizungumza.

Aliwaambia kwamba maji ndiyo yaliyochimba. Mwamba wa juu ni mgumu, wa chini ni laini. Maji hula ule wa chini, wa juu hubaki ukining'inia, kisha huanguka. Kwa njia hiyo maporomoko yamerudi nyuma kama kilomita 11 katika miaka 12,000 hivi, na nafasi waliyoiacha ndiyo korongo.

"Na kwetu ni hivyo hivyo," akasema, "ila mawe ni mengine." Mawe ya Niagara yalitokana na matope na mchanga wa bahari ya kale. Ya Ol Njorowa yalitoka kwenye volkano. Zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, likafurika upande wa kusini na kukata njia katika majivu na miamba ya volkano. Ndiyo maana kuta zake ni nyembamba na zina rangi ya njano, kahawia na nyekundu, na mahali pengine maji ya moto hutiririka kutoka ukutani. Chini utaokota kipande cheusi kinachong'aa kama chupa: ni kioo cha volkano. Watoto walitaka kujua kama maji hayo yanaweza kuchemsha yai.

Hakuwaficha hatari. Ol Njorowa ni pembamba, na mvua ikinyesha mbali, maji hufika ghafla hata kama jua linawaka ulipo. Watu walikufa humo kwa mafuriko Aprili 2012 na tena Septemba 2019. Mkienda likizo, msiingie wakati wa mvua, na msiingie bila mwongozaji. Niagara nayo ina yake: ngazi za kushuka korongoni ni nyingi, na kupanda kwake ni kazi. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, mwenye goti bovu abaki juu, na hakuna mtoto wa kusogelea maji.

Kutoka kisiwani tulikuwa tumeliona Daraja la Rainbow, na ng'ambo yake Kanada. Binti ya dada aliuliza kwa nini tusivuke, maana rafiki zake husema upande ule ndio mzuri. Kaka akamjibu bila kuzunguka: "Ninyi mnaweza. Mimi nikivuka, huenda nisirudi." Tukabaki wote upande huu. Kwa wasomaji: mwenye Green Card na pasipoti iliyo hai huingia Kanada bila viza, lakini mwanafunzi, mgeni wa muda au anayesubiri kesi asikanyage daraja hilo kabla ya kuzungumza na wakili au ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake.

Desemba mimi na dada tutawapeleka watoto Naivasha. Kaka amewachorea ramani kwenye karatasi ya daftari: lango la hifadhi, mnara wa mwamba wa Fischer, mahali pa kushukia korongoni, na penye maji ya moto. Nambari moja kwenye ramani hiyo, kabla ya lango, ni kaburi la babu yao.