Gari Haligawanyiki

Mjomba alipofariki aliacha nyumba, minazi, mbuzi saba na Land Rover. Minazi inahesabika, mbuzi wanajulikana, nyumba ina vyumba. Kilichotusumbua ni gari. Kwa mirathi yetu, mjane aliyeachiwa watoto anapata thumuni, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Hebu niambie, thumuni ya Land Rover utaikata wapi? Ikabidi liuzwe. Mimi, kwa vile kazi yangu ni uandishi wa habari, nikapewa jukumu la kuandika tangazo.

Sifa zake za karatasini hazikunisumbua. Series III ya mwaka 1976, chesisi ndefu ya inchi 109, injini ya dizeli ya lita mbili na robo. Pembeni ya gia kuna virungu viwili: cha njano ukikibonyeza, magurudumu yote manne yanavuta, chekundu ukikirudisha nyuma, gari linaingia gia nzito, lile la kutambaa kwenye tope. Wapenzi wa magari haya wanayajua yote hayo kuliko mimi.

Ila kwetu Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, Land Rover halikuwa gari la starehe. Lilifuata mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na 62 iliyosalimika safarini ikapandwa Kikogwe, si mbali na kwetu. Kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. Mwaka 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi, kamba za nailoni zikashusha bei, na mkonge ukadorora. Magari ya mashamba yakazeekea bandani. Mjomba alikuwa dereva shambani. Mwaka 1991 akalinunua kwenye mnada wa chakavu gari lile lile alilokuwa akiliendesha kwa mshahara.

Tangu hapo likawa la kijiji, bila mtu kutangaza. Lilibeba maharusi na maiti, samaki na madawati. Masika, barabara ikishageuka uji na mabasi yameacha kuja, ni lenyewe tu. Binamu yangu wa tatu alizaliwa ndani yake, usiku, upande wa Bweni, wakati mama yake akisubiri pantoni ivuke kutoka Pangani. Mkaza mjomba anasema alishika chuma cha benchi la nyuma mpaka mkono ukafa ganzi. Mjomba, katika kuhangaika kulisogeza gari karibu na taa, alirudi nyuma kwa pupa akagonga mnazi. Mlango wa nyuma ukabonyea. Hakuunyoosha mpaka anakufa.

Binamu mkubwa, anayefanya kazi Muscat, ndiye aliyetoa wazo la ukarabati: likitengenezwa, litauzwa kwa bei ya maana. Akatuma fedha, gari likakaa miezi mitano kwa fundi mmoja Ngamiani, Tanga mjini. Land Rover la kwanza lilitoka 1948, Uingereza ikiwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi ikawa ya aluminiamu, na ndiyo maana haioti kutu. Lakini chesisi ni chuma. Upepo wa chumvi wa pwani ulikuwa umeila kutokea ndani. Nje inang'aa rangi, ukiigonga inalia kama debe. Fundi alikata, akachomelea, akapaka rangi ya kijani. Mabenchi akayatoa, akaweka viti vya ngozi. Mlango wa nyuma aliugonga mpaka ukanyooka kabisa.

Liliporudi Mwera, mkaza mjomba alilizunguka taratibu. Akapitisha kiganja kwenye mlango wa nyuma.

"Mashallah, limependeza," akasema. "Sasa hili la nani?"

Watu walicheka, wakidhani anaulizia mirathi.

Nimelifikiria sana swali lile. Tunasema gari "limerudishwa kama zamani", lakini zamani ipi? Fundi alilirudisha 1976, lilipokuwa la shamba na sisi hatumo. Huko Uingereza, Land Rover la kwanza kabisa kutoka kiwandani, lenye namba JUE 477, lilikaa miaka mingi likioza shambani. Kazi ya kulifufua ilikamilika 2020, na mafundi walihangaika kuyaacha makovu yake na rangi yake iliyochujuka. Kovu lenye karatasi za kulithibitisha ni historia. Kovu letu, ambalo shahidi wake ni mama mmoja wa Mwera, ni kasoro ya kunyooshwa.

Simlaumu binamu. Wanunuzi wanaotupigia ni wenye hoteli za ufukweni na watu wa safari za Saadani; wanataka gari linalong'aa kwenye picha. Na fedha zinahitajika: paa la nyumba linavuja, mdogo wao wa mwisho anadaiwa ada.

Katika tangazo la kwanza niliandika habari za usiku ule wa Bweni. Jibu likaja kutoka Muscat: "Kaka, mtu anataka gari, hataki mambo ya ukoo wetu." Tukabishana siku mbili. Mwisho tukakubaliana: "Limetumika Mwera tangu 1991. Mmiliki mmoja." Yote mengine yamebanwa humo kwenye maneno mawili ya mwisho.

Bei tumeweka milioni 40. Thumuni ni milioni 5, na mkaza mjomba amesema ataipokea, ni haki yake. Ila alinituma Ngamiani nimuulize fundi lile benchi la nyuma liko wapi. Lilikuwepo, vijana wake wanalikalia wakila mchana. Akanipa bure. Sasa liko barazani kwake, na mgeni akifika ndilo analokaribishwa kukaa. Kwenye hesabu ya mirathi halikuandikwa, na hakuna mrithi aliyeuliza.