Aya niliyoisoma nusu



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu wa ukurasa huu wa familia, leo naomba niandike jambo ambalo sisi wanaume aghalabu hatuliandiki. Nimeliandika kwa idhini ya mke wangu. Ameisoma makala hii kabla sijaituma, akafuta mistari miwili, na iliyobaki akasema iende, huenda ikamfaa mwanamke mwenzake aliyejifungia chumbani na maumivu anayodhani ni yake peke yake.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wa mtaa wetu hapa Tanga. Kwa kuwa nilipitia chuo cha Kiislamu, nimekuwa nikikabidhiwa pia darsa ya akina mama kila Jumamosi baada ya Alasiri. Somo la haki za mtoto nililipenda kuliko yote. Nilianza na kumchagulia mtoto mama mwema, nikaja kwenye jina zuri, nikaja kwenye akika, na nilipofika kwenye kunyonyesha nilisoma aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayowaelekeza akina mama wawanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza. Hapo nilisimama na kukemea. Nilisema mama wa leo anakimbilia kopo la maziwa kwa kuchelea umbo lake. Akina mama walinisikiliza kwa adabu, baadhi yao wakiwa na watoto vifuani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Wakati huo sikuwa na mtoto. Ukimya ule niliudhania kuwa ni kukubali.

Mwaka jana Mwenyezi Mungu akaturuzuku binti, mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, salama, akiwa na uzito wa kilo 3.1. Mkunga alimlaza kifuani mwa mama yake ndani ya saa ya kwanza, akapata yale maziwa mazito ya njano ambayo ni kinga yake ya mwanzo. Tuliporudi nyumbani mama yangu mzazi alikuwa ameshatangulia, uji wa pilipili manga uko jikoni na maji ya kumkandia mzazi yako motoni. Niliona kila kitu kimekamilika. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa baba siku zisizopungua 3 za likizo mkewe anapojifungua. Siku zangu 3 nilizimaliza barazani, nikipokea wageni na kupanga akika.

Chumbani mambo yalikuwa mengine. Siku ya tatu, maziwa yalipoanza kujaa, nilimwona mke wangu akishtuka kila mtoto alipolia, kabla hata hajamchukua. Alimweka kwenye titi, akauma pindo la khanga, vidole vya miguu vikajikunja. Nilimuuliza anasikiaje. Akasema ni kama anapitishwa wembe. Chuchu zilikuwa zimechubuka, na moja ilikuwa imepasuka.

Wakubwa walisema waliyoyajua. Mama yangu alimwambia, “Vumilia, mwanangu, sote tumepita hapo. Itakomaa tu.” Shangazi akashauri mtoto apewe maji ya sukari kidogo ili mama yake apumzike. Hawakusema kwa ubaya. Ndivyo nao walivyoambiwa zamani na waliowatangulia.

Nami nilifanya nini? Nilisoma aya. Ulikuwa usiku wa nne, yapata saa nane, mtoto analia na mke wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, hathubutu kumwinua. Nikamkumbusha ujira wa wenye kusubiri. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, nikamsomea aya ile ile ya darsa, nikaishia kwenye miaka miwili.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Ustadhi, hapo napajua. Isome mpaka mwisho.”

Nikaendelea. Aya hiyo nimeihifadhi tangu chuoni, na tafsiri yake niliifanyia mtihani. Lakini usiku ule niliisikia kama mtu anayesomewa hati ya mashitaka yake. Kumbe baada tu ya kumtaja mama, maneno yanageuka na kumwelekea baba: juu yake ndiko kuna chakula cha mama huyo na mavazi yake, kwa wema. Kisha inakuja kanuni kwamba nafsi haikalifishwi zaidi ya uwezo wake. Kisha linakuja katazo kwamba mama asitiwe madhara kwa sababu ya mtoto wake, wala baba vivyo hivyo. Hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda kumewekwa kwenye kuridhiana na kushauriana kwa wawili, na mlango wa kumtafutia mtoto mnyonyeshaji mwingine umeachwa wazi. Wanavyuoni wamejadili iwapo aya hii imewakusudia akina mama walioachwa au akina mama wote. Lakini mume anayeishi na mkewe nyumba moja hawezi kuwa na wajibu mdogo kuliko aliyekwisha kumwacha.

Miaka yote ile nilikuwa nikiisoma nusu. Sehemu ya mama niliitolea darsa. Sehemu ya baba, yaani sehemu yangu, niliipita.

Alfajiri mtoto alicheua maziwa yenye michirizi ya damu. Nilitetemeka. Niliomba ruhusa kazini, tukapanda bajaji mpaka kituo cha afya. Alitupokea muuguzi mkunga, mama wa makamo. Alimkagua mtoto, akatutuliza: damu ile ilikuwa ya mama, mtoto aliimeza kutoka kwenye chuchu iliyopasuka, na haikumdhuru. Akampima, uzito ulikuwa kilo 2.85. Akatueleza kuwa watoto wengi hupungua kidogo siku za mwanzo na hurudia uzito wao wa kuzaliwa baada ya wiki mbili hivi. Kisha akasema anataka kumwona mtoto akinyonya. Mimi nikasimama kutoka nje kwa haya. Akanizuia, “Kaa, baba. Usiku mimi sitakuwepo, wewe utakuwepo.”

Yule mama hakugusa dawa yoyote. Alitazama tu, na kwa dakika chache akaiona shida yetu. Mtoto alikuwa akishika ncha ya chuchu peke yake, na kila alipovuta aliibana kwa ufizi. Chuchu haiwezi kustahimili hayo mara 8 hadi 12 kwa siku, na ndivyo mtoto mchanga anavyohitaji kunyonya.

Akatufundisha. Mama akae ameegemea, mgongo umetulia, asimwinamie mtoto bali mtoto aletwe kwenye titi. Mtoto alale ubavu, tumbo lake likabili tumbo la mama, kichwa na mwili katika mstari mmoja bila shingo kupinda, na mwili wake wote ushikiliwe, si mabega tu. Mdomo wake uguswe kwa chuchu mpaka aupanue kama anayepiga miayo, ndipo asogezwe haraka, ashike chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Alama za kushika vizuri ni kidevu kugusa titi, mdomo wa chini kupinduka kwa nje, na weusi kuonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Maumivu yakiendelea, mama asivute titi kwa nguvu. Aingize kidole kidogo kilichosafishwa pembeni mwa mdomo wa mtoto mpaka aachie, kisha aanze upya.

Mke wangu akajaribu. Mara ya kwanza akakunja uso. Mara ya pili pia. Mara ya tatu mabega yake yakashuka, na nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mtoto azaliwe: mtoto akimeza, kimya, akimeza tena. Mke wangu hakulia kwa maumivu siku nne zote zile mbele ya watu. Pale alilia.

Mengine yalikuwa mepesi. Kila baada ya kunyonyesha apake matone ya maziwa yake mwenyewe kwenye chuchu na kuacha yakauke kwa hewa. Titi likijaa na kuwa gumu, akamue kidogo kwa mkono kwanza ili mtoto aweze kulishika. Maji ya sukari tuyaache, kwa kuwa mtoto wa chini ya miezi 6 anatosheka na maziwa ya mama peke yake. Alama ya kutosheka, kuanzia siku ya tano hivi, ni kukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Akatutajia pia mambo ya kutukimbiza hospitali bila kungoja: mama kupata homa, titi kuwa jekundu lenye joto na maumivu au kutoa usaha, mtoto kuwa mlegevu, kukataa kunyonya au kutokukojoa. Na akasema maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu la kamati: maumivu kidogo mwanzoni si ajabu, lakini maumivu ya kumfanya mama amwogope mtoto wake yana sababu, na sababu hutafutwa.

Msidhani yaliisha siku hiyo. Kidonda kilichukua takriban siku kumi kupona, na kuna nyakati za usiku tulianza upya mara tano. Lakini sasa nilikuwa na kazi. Nilimbadilisha mtoto nepi, nikamleta, nikaweka mto chini ya mkono wa mama yake, nikamulika taa ya simu tuangalie mdomo wa chini umepinduka au la, nikamcheulisha, nikamrudisha. Nilimwekea mama yake kopo la maji karibu, maana mwenye kunyonyesha hushikwa na kiu. Mama yangu alitutazama siku mbili bila neno. Siku ya tatu akaanza yeye kumwambia mke wangu, “Mlete mtoto, mkwe wangu, usimwinamie.”

Katika wiki hizo niliomba udhuru wa vikao vya kamati. Mzee mmoja akacheka, akauliza kama siku hizi katibu naye ananyonyesha. Wengine wakacheka pia, nami uso ukanishuka. Imamu wetu hakucheka. Alitukumbusha hadithi mbili ambazo sote tunazijua. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Na Mtume mwenyewe (s.a.w.) alieleza kwamba huingia katika sala akikusudia kuirefusha, kisha husikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kumwonea huruma mama yake. Imamu akasema, “Sala aliifupisha kwa ajili ya mama. Sisi kikao tu kinatushinda?” Udhuru wangu ukakubaliwa.

Hadithi ile ya pili imebaki nami. Mtume (s.a.w.) hakungoja mwanamke yule aje kulalamika. Kilio cha mtoto kilimtosha kujua kuwa kuna moyo wa mama unaoumia nyuma ya safu. Nami nililala chumba kimoja na kilio hicho siku nne, nikakijibu kwa mawaidha.

Sisemi subira haina nafasi. Subira ni nusu ya safari ya kila mzazi, na Qur'ani imetutajia taabu za mama katika Surat Luqman na Surat Ahqaf ili tumshukuru. Ninachosema ni kwamba mwenye jino bovu humpeleki kwenye mawaidha ya subira ukamwacha na jino lake. Na ikiwa mama, baada ya kusaidiwa na kushauriana na wataalamu, bado hakuweza, basi asibebeshwe dhambi ambayo Mola wake hakumbebesha. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alilelewa kwa maziwa ya Bibi Halima.

Nawaomba akina baba wenzangu: mkeo akijifungua, siku zako 3 usizimalize barazani. Kaa ndani. Mkiona maumivu hayapungui, nenda naye kituo cha afya, ukae umsikilize mkunga na masikio yako mwenyewe. Nawaomba na akina dada wasione haya kuuliza, Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Binti yetu ana miezi 14 sasa, na bado ananyonya. Jumamosi moja mwezi uliopita nilirudia darsa yangu ya haki za mtoto. Nilianza kwa kuomba radhi, kisha nikaisoma aya ile mpaka mwisho wake. Safari hii maswali yalitufikisha karibu na Magharibi. Tulipokuwa tukitawanyika, bibi mmoja mtu mzima aliniita pembeni. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniambia, “Mwanangu, ile mara ya kwanza tulinyamaza kwa sababu hukutuuliza.”

Mwenyezi Mungu awape afya mama zetu na wake zetu, awakuze watoto wetu katika kheri, na atujaalie kuisoma mizigo yetu kabla ya kuisoma mizigo ya wenzetu. Amin. Wabillahi tawfiq.