Tafsiri Hii: Kalamashaka na Mipaka ya Uhakiki Wetu

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuiuliza kila kazi mpya swali moja kabla ya kuisikiliza: je, hii ni ya utanzu gani? Swali hili lina manufaa yake, hasa kwa sisi tunaotunga mitihani. Hata hivyo, zipo kazi zinazolikataa, na kukataa huko ni sehemu ya maana yake. Makala haya yanahusu kundi moja la aina hiyo, Kalamashaka, yaani Kama, Johny Vigeti na Oteraw, vijana watatu wa mtaa wa Dandora, Nairobi. Sikusudii kuchambua nyimbo zao moja baada ya nyingine. Nakusudia kueleza kwa nini mimi, mwalimu wa arudhi hapa Kwa Vonza, naamini kwamba wanatudai.

Wimbo wao uliowatambulisha, "Tafsiri Hii", ulitoka mwaka 1997, mwaka ambao maandamano ya kudai mageuzi ya katiba, yakiwemo yale ya Saba Saba, yalizimwa kwa nguvu na watu wakafa. Wakati huo wengi wa vijana waliojaribu muziki wa kufoka walifoka kwa Kiingereza, tena kwa lafudhi ya Marekani, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa alama ya usasa. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya upili. Kwetu Ukambani, nyumbani tulisema Kikamba; Kiswahili kilikuwa lugha ya ngeli, ya insha na ya mashairi yaliyotungwa mbali nasi. Ghafla nikasikia vijana wa bara, wasio na nasaba ya Lamu wala Mvita, wakikitumia kueleza njaa, uhalifu na hofu ya kijana wa mtaani. Hawakuomba ruhusa ya mtu. Nilijifunza hapo jambo ambalo hakuna kitabu cha sarufi kilichowahi kunifunza: kwamba lugha ni ya yule anayeihitaji.

Dandora yenyewe ni matini inayohitaji kusomwa. Mtaa huo ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ukikusudiwa kuwapa makazi bora watu wa kipato cha chini. Badala yake umejulikana zaidi kwa jalala kubwa lililo kando yake, linalopokea taka za jiji zima. Anayeishi mahali ambapo jiji humwaga kile lisichotaka kukiona ana haki ya kuliamuru jiji litazame. Kwa hiyo jina la wimbo ule si pambo. "Tafsiri" ni kitenzi katika hali ya kuamuru. Msikilizaji hapewi burudani. Anapewa kazi, na kazi yenyewe ni ile ambayo sisi wahakiki hulipwa mishahara kuifanya.

Wapo wenzetu wanaodai kwamba ukali huu ni mazao ya Marekani yaliyopandwa katika udongo usiokuwa wake. Dai hili lina ukweli kiasi, kwani mdundo na namna ya kufoka vilitoka huko. Lakini makabiliano yenyewe hayakuletwa na meli wala ndege. Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyefariki mwaka 1840, aliutoa ushairi hadharani na kuutumia kuwakejeli watawala wa Oman kwa niaba ya Wamazrui. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi, na mashairi aliyoyatunga gerezani, yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, sasa ni hazina ya taifa. Wanafunzi wangu wa Kitui na Makueni wanao mfano wa karibu zaidi. Katika Kikamba kuna nyimbo ziitwazo myali, zilizotumika kumsuta mkosaji mbele ya jamii yake hadi aone haya. Ninapoanzia kwenye myali, Kalamashaka hawaonekani tena kuwa wageni.

Suala la fani ni gumu zaidi. Mizani yao haihesabiki kwa vidole, kwa sababu kipimo kimekabidhiwa ngoma. Vina vyao havingoji mwisho wa kipande; hurundikana katikati, hupotea, kisha hurudi pasipotarajiwa. Lugha yao huchanganya Kiswahili fasaha na Sheng, wakati mwingine katika pumzi moja. Je, ni ushairi, ni fasihi simulizi, au ni muziki tu? Tunapaswa kukumbuka kwamba swali la namna hii liliulizwa kuhusu *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, na mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko ukawaka kwa miaka. Leo tunavifundisha vyote viwili, bahari na mashairi huru, katika muhula mmoja. Utanzu haukuvunjika, ulipanuka.

Historia yao ya baadaye haina faraja nyingi. Albamu yao, *Ni Wakati*, ilitoka mwaka 2001. Dandora ikawa kambi ya wasanii waliojiita Mau Mau, jina la harakati iliyopigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2003. Kambi hiyo iliungana na Ukoo Flani wa Mombasa, na mwaka 2004 ikatoka albamu ya *Kilio cha Haki*. Jina la Ukoo Flani limeundwa kwa herufi ambazo kila moja husimamia neno katika sentensi ya dua, mbinu ambayo haiko mbali na ya watunzi wa kale waliozipanga beti zao kwa herufi za alfabeti. Wakati huohuo soko liligeukia genge na kapuka, muziki wa kuchezwa zaidi kuliko kufasiriwa. Waliofungua mlango wa muziki wa vijana kwa Kiswahili hawakuwa ndio waliovuna zaidi baada ya mlango kufunguka.

Hapo ndipo deni letu lilipo. Soko lina haki ya kusahau, kwani hiyo ndiyo tabia yake. Idara ya fasihi haina haki hiyo. Tunawatuma wanafunzi vijijini wakakusanye vitendawili na ngano kabla wazee hawajaondoka, na tunafanya vyema. Lakini wanafunzi tunaowafundisha leo wengi walizaliwa baada ya *Ni Wakati*, na kwao mwaka 1997 ni wa kale kama ngano. Nyimbo hizo zinahitaji kunukuliwa kwa maandishi, Sheng yake ifafanuliwe kabla haijabadilika kupita kiasi, na watunzi wahojiwe juu ya fani yao, si juu ya umaskini wao pekee. Tukifanya hivyo, huenda tukagundua kwamba baadhi ya tungo hizo ni dhaifu. Uhakiki wa haki lazima uwe tayari kulisema hilo pia. Ila hatuwezi kuuita dhaifu utunzi ambao hatujaufasiri.