Sauti Nzuri kwa Mshahara Mdogo

Mshahara wa askari haupigi kelele. Kwa hiyo kila chombo cha kupiga kelele nyumbani sharti kihojiwe kabla hakijalipiwa.

Familia moja ya askari polisi huko Ruti, mjini Mbarara, iliweka akiba miezi minane ili watoto watazame filamu nyumbani badala ya kukesha katika vibanda vya video. Dukani walionyeshwa vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa sabufa mpya yenye spika tano, iliyoandikwa wati 5,000. Cha pili kilikuwa risiva ya mtumba kutoka Japani, ya wati 80 kwa kila spika. Mume aliipenda ile namba kubwa. Mkewe aliigeuza sabufa, akasoma kibandiko cha nyuma: yavuta umeme wa wati 60 tu.

"Baba watoto," akasema, "mtungi wa lita moja utajazaje debe?"

Alinena kweli. Zile 5,000 ni namba za kupambia kasha. Wati za kuaminiwa ni zile ambazo chombo huzitoa mfululizo. Hata risiva yataka tahadhari. Mara nyingi wati zake hupimwa spika mbili tu zikilia. Tano zikilia pamoja, kila moja hupata pungufu. Tena, risiva iliyoandikiwa spika za omu 6 hadi 8 ikifungiwa za omu 4 yaweza kupata moto na kuharibika.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa umeme. Wa Japani ni volti 100. Wa Uganda ni 240. Risiva hiyo ikichomekwa ukutani moja kwa moja huungua. Yahitaji transfoma ya kushushia umeme, na bei ya transfoma ni sehemu ya bei ya risiva, ijapokuwa mwuzaji haitaji.

Huko Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, kwa nyumba itegemeayo jua hesabu hubadilika tena. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huweka wati-saa 1,200, na si vyema kutumia zaidi ya nusu. Televisheni ya wati 50 na risiva ivutayo wati 100 huzimaliza hizo 600 kwa saa nne. Risiva ikibadilishwa kwa sabufa ya wati 30, hufika saa saba. Betri ikiisha, aumiaye kwanza ni mtoto aliyehitaji taa ya kusomea.

Familia ya Ruti haikununua hiki wala kile. Baada ya wiki mbili ilipata risiva ya mtumba ya volti 240, ikaijaribu dukani saa nzima, ikaichukua pamoja na spika mbili za omu 8. Hiyo ndiyo fadhila ya risiva: spika nyingine huongezwa mshahara kwa mshahara. Na katika nyumba za askari, ambako ukuta mmoja ni wa jamaa wawili, hata hizo mbili zatosha.