Kisiwa cha Colares na Mianga ya Usiku

Msomaji mpenzi, leo twende mbali kidogo, mpaka Brazili, Amerika ya Kusini. Tutashukia Belém, mji mkuu wa jimbo la Pará. Usidhani utakuwa mgeni kabisa. Mji huo uko kusini ya ikweta karibu mstari mmoja na Bukoba. Jua huzama kwenye saa kumi na mbili, na giza huingia mara. Chakula ni samaki na unga wa muhogo. Tena muhogo wetu asili yake ni huko kwao, Wareno ndio waliouleta Afrika. Kila Oktoba umati mkubwa huandamana mjini kwa heshima ya Bikira Maria wa Nazareti.

Kutoka Belém ni safari ya karibu kilometa 100, kisha utavuka mkono wa maji na kukanyaga kisiwa cha Colares. Mbele yako mto ni mpana kama bahari. Wenyeji ni wavuvi, na mvuvi, kama ujuavyo, hufuata maji yanavyojaa na kupwa, usiku hata mchana.

Basi mwaka 1977 watu hao waliogopa usiku. Walisema mianga inashuka toka angani, inapita juu ya mapaa, na kumwangaza mtu kwa mshale wa nuru. Wengine walionyesha ngozi iliyoungua na alama ndogo kama za sindano. Wakaiita chupa-chupa. Si chupa ya kutilia mafuta! Kwa Kireno maana yake ni kunyonya, kwani walisadiki kuwa inanyonya damu. Wewe uliyesikia wazee wakinong'ona habari za mumiani, usiwacheke.

Wavuvi wakaacha kutoka usiku, na nyumba ya mvuvi asiyetoka hukosa kitoweo. Jamaa kadhaa walilala pamoja katika nyumba moja. Walikoka moto, wakapiga makopo, wakarusha fataki, wakasali.

Viongozi wao wakaomba msaada, ndipo Jeshi la Ndege la Brazili likatuma askari kutoka Belém, mkuu wao Kapteni Uyrangê Hollanda. Kazi hiyo iliitwa kwa Kireno Operação Prato, yaani Kazi ya Sahani. Askari hawakuja kupigana. Walikesha ufukweni na kamera, wakamwuliza mvuvi mmoja mmoja aliona nini, saa ngapi, upande gani, wakachora ramani. Mimi hilo ndilo lililonigusa: maneno ya mtu asiye na cheo yakaandikwa na serikali kama ushahidi. Nao askari wakaandika kwamba wameona mianga kwa macho yao.

Baada ya miezi michache kazi ikafungwa bila jibu. Wako wanaosema ilikuwa vimondo, au sayari, au hofu iliyopita kinywa kwa kinywa. Pengine kweli kwa sehemu. Alama za ngozini hazielezwi hivyo kwa urahisi. Makaratasi yalifichwa miaka mingi. Mwaka 1997 Hollanda, akiwa amestaafu, alisema hadharani kuwa yeye na wenzake waliona mambo wasiyoweza kuyaeleza. Miaka kadhaa baadaye serikali ikaanza kuyatoa, na sasa mengi yamo katika Nyaraka za Taifa za Brazili: picha zenye doa jeupe katika giza, na michoro ya kalamu ya mianga kama wavuvi walivyoieleza.